Kumtafuta S. A. Rading'

Jumamosi, 12 Februari 1994

Madaftari ya darasa la sita nimesahihisha nusu. Insha zote ni za likizo, na zote zimeanza na jogoo kuwika. Nimechoka na majogoo. Mjukuu wangu Awuor amelala, chupa nimechemsha. Kesho ni kanisa.

Leo nilikuwa Kisumu, maktaba. Mkutubi ananijua sasa, ananiletea magazeti rasmi ya serikali kabla sijaomba. Nimeyasoma ya mwaka jana yote, ukurasa kwa ukurasa, macho yakatoa machozi. Nimepata. Tangazo dogo kati ya matangazo mengi. Shirika la Afya Ufuoni limepoteza hati ya uwanja wake wa Asembo Bay, na asipojitokeza mtu kupinga, hati mpya itatolewa. Tangazo limetolewa mwezi wa tano. Kliniki ilifungwa mwezi wa nane.

Hati haikupotea. Mume wangu, Baba Achieng', alipotoa uwanja ule kwa Shirika, alimkabidhi mwenyekiti hati mkononi, mbele ya mchungaji. Mimi ndiye niliyepika siku hiyo. Mwenyekiti alikula kuku wangu akaongezewa.

Zakaria Oloo. Naandika jina lake nilione.

Jumapili, 13 Februari

Kanisani Zakaria alisoma somo la pili. Amekuja kutoka Kisumu na gari lake, suti ya kijivu. Sauti nzuri, lazima niseme. Nilimtazama shingo muda wote.

Siku ya kumzika Achieng' alizungumza sauti hiyohiyo. Alisema kliniki imefungwa kwa ukarabati tu, kazi ya Mungu haina makosa. Alileta gunia la sukari. Watu wakampigia makofi, matangani. Mwanangu alianza uchungu jioni, tukampeleka kliniki tukakuta kufuli. Tukakodi pikapu ya samaki kwenda Kisumu. Awuor alizaliwa njiani, usiku wa manane, ndiyo maana akaitwa Awuor. Mama yake hakufika hospitali.

Nataka alie. Sitaki aombe radhi. Nataka alie mbele ya watu.

Alasiri Nyar Alego alikuja na maziwa kwenye kibuyu. Huyu ndiye mama yake Zakaria. Mzee sana, anatembea na fimbo toka boma lao hadi kwangu, na njia ni mbaya. Nilitaka kukataa. Lakini ng'ombe ni wake, na mtoto anakunywa. Amemshika Awuor, akamwambia mambo ya kizee sikioni. Kasema, "Huyu ni wangu. Tuna jina moja." Nikaitikia tu. Akina Awuor ni wengi huku kama dagaa.

Jumatano, 23 Februari

Nimekwenda kwa Mchungaji Elija, mlezi wa Shirika. Mtu mwema, ila mwoga. Nilimweleza tangazo. Alivua miwani akaifuta, akavaa, akavua tena.

Alisema halmashauri ilikubali kuuza uwanja, kwa kuwa Shirika lilikuwa limeishiwa. Alitia sahihi mwenyewe. Mnunuzi ni kampuni ya minofu ya samaki. Watajenga kiwanda cha mbuta, vijana watapata kazi. Nikamuuliza kampuni ni ya nani. Hajui. Zakaria alisema ni watu wa Kisumu.

Kisha akasema neno nililoondoka nalo. "Mwalimu, kuuza si dhambi. Lakini katiba yetu inakataza afisa kujiuzia. Nionyeshe kwamba ni yeye, nami nitaita mkutano na nitafuta mauzo. Kama si yeye, niache."

Basi. Nitamwonyesha.

Ijumaa, 4 Machi

Niliomba ruhusa shuleni, nikasema jino linaniuma. Ofisi ya ardhi, Kisumu. Nimelipia upekuzi wa hati kama raia yeyote, risiti ninayo. Karani alipiga miayo. Mwenye uwanja sasa ni Kampuni ya Minofu Jabali. Hakuna zaidi ya hapo.

Nikapita mbele ya ofisi ya Shirika. Picha ya Zakaria iko ukutani, unaiona hata kutoka barabarani. Anatabasamu na mtoto mgonjwa. Nilisimama nikaitazama mpaka mlinzi akaja kuniuliza kama nimepotea.

Jumanne, 12 Aprili

Shule zimefungwa. Awuor nimemwachia dada yangu. Nairobi, kwa treni. Miguu imevimba.

Kwa msajili wa makampuni yeyote anaweza kulipa na kusoma faili ya kampuni yoyote. Hilo sikulijua maisha yangu yote. Nafundisha watoto uraia miaka yote hiyo na sikulijua! Nililipa. Nikangoja kwenye benchi na mawakili vijana wenye tai. Baada ya chakula cha mchana kijana wa dirishani akasema, "Mathe, hiyo file haiko. Kuja kesho."

Nimelala kwa binamu, Kaloleni. Sikumwambia nimefuata nini.

Jumatano, 13 Aprili

Faili ilionekana. Ilikuwa chini ya nyingine, kasema kijana, bila aibu.

Wakurugenzi wawili. Mmoja ni wakili wa Kisumu, namjua kwa sifa, anasajili kampuni za watu kama vile mimi ninavyosajili watoto wa darasa la kwanza. Huyo ni kivuli tu. Wa pili ndiye mwenye karibu hisa zote. S. A. Rading', mfanyabiashara, sanduku la posta Kisumu.

Zakaria hayumo. Mke wake hayumo. Nilisoma mara nne. Nilitaka kupiga dirisha.

S. A. Rading' ni nani? Samweli? Simeoni? Mtu mwenye hisa zote hizo lazima anajulikana. Lazima ana gari na tumbo. Nitampata, na nikimpata nitauona uzi unaomfunga na Zakaria, na nitauvuta.

Jumamosi, 23 Aprili

Aibu yangu ya leo naiandika, sitamwambia mtu.

Yupo Rading' mhadhiri Maseno. Simeoni Rading'. S! Nikaenda. Njia nzima nilimchukia mtu yule. Nilimchukia kwa shahada zake, kwa nyumba ya chuo, kwa bustani ambayo sijaiona. Nilifika nikiwa nimepanga maneno yangu kama mashtaka.

Ni kijana mwembamba, anafundisha elimu ya mimea, soksi zimetoboka. Akanipa chai na mandazi. Nikamuuliza kuhusu Minofu Jabali, akadhani nauza samaki, akasema mkewe hapendi mbuta, anapenda ngege. Watu wake ni wa Gem, si wa huku. Zakaria hamjui hata kwa jina. Alinisindikiza hadi barabarani akanibebea mfuko.

Nilikosa pa kuipeleka hasira yangu. Nimerudi nayo nyumbani.

Jumatatu, 9 Mei

Nimeuliza soko la Kibuye, kwa wauza nyavu. Nimeuliza benki, wakanifukuza kwa heshima. Nimeuliza wazee wa Alego waliokuja sokoni, maana jina lina harufu ya Alego. Mmoja alisema Rading' aliyemjua alikufa zamani sana, wakati wa Mwingereza, akaacha wasichana na mvulana mmoja. Basi huyo si wangu. Mimi natafuta mwanamume aliye hai.

Trekta limefika kliniki. Wameng'oa uzio na michongoma aliyopanda Baba Achieng'. Nimesikia toka darasani, nikiwa nafundisha vitenzi. Nimeendelea kufundisha. Mtoto mmoja akauliza, Mwalimu, mbona chaki imevunjika?

Nyar Alego alikuja jioni. Anakohoa. Aliniuliza kwa nini trekta linalia pale, au kliniki inapanuliwa. Hajui lolote, maskini. Ama anajifanya. Nilimjibu vibaya, nikasema amuulize mwanawe. Akaweka kibuyu cha maziwa mezani. Kibuyu kilibaki kwangu kwa sababu sikupata chombo kingine kisafi.

Jumapili, 5 Juni

Ukuta wa kiwanda umefika magotini. Zakaria kanisani tena. Kaniita mbele ya watu, "Mwalimu, nasikia unafanya utafiti." Watu wakacheka kwa adabu. Akasema nikihitaji msaada ofisi yake iko wazi.

Anajua. Na haogopi. Anajua nimefika kwa S. A. Rading' na anajua nitaishia hapo.

Sijawahi kumchukia mtu hivi. Hata chakula hakina ladha. Dada yangu anasema nimwachie Mungu. Nimemwachia Mungu tangu Oktoba, na Mungu ana kazi nyingi.

Alhamisi, 16 Juni

Niandike taratibu.

Jioni, redio, matangazo ya vifo. Huwa nasikiliza nikipika, kama kila mtu huku. Nyar Alego amefariki, hilo nililijua tangu jana, sauti za kilio zilifika hadi kwangu. Nilikuwa nageuza samaki. Mtangazaji akasoma, na alisoma kama wanavyosoma siku zote, akianza na baba wa marehemu. Mama Salome Awuor, binti wa marehemu Rading' wa Alego. Mama mzazi wa Bwana Zakaria Oloo, mwenyekiti wa Shirika la Afya Ufuoni, mzee wa kanisa, na vyeo vyake vyote hadi cha shule ya msingi.

Salome Awuor Rading'.

S. A. Rading'.

Samaki wameungua. Nimewatazama wakiungua.

Miaka yote nimemwita Nyar Alego, binti wa Alego. Sote. Mwanamke akiolewa huku anaitwa kwa alikotoka, jina lake anabaki nalo mwenyewe na Mungu wake. Nimetafuta mwanamume mwenye tumbo Kisumu, Maseno, Kibuye. Naye alikuwa anakaa kwenye kigoda changu na kibuyu cha maziwa. Aliniambia kabisa. Tuna jina moja, alisema. Mimi mwalimu, kazi yangu kuwaambia watoto wasikilize.

Na Zakaria! Amemficha mama yake kwa msajili, kwa wakili, kwa ofisi ya ardhi. Kwenye matanga hakuweza kumficha. Binti wa Rading' asipotajwa kwa baba yake, wajomba wa Alego hawatakuja, na mazishi bila wajomba ni fedheha. Mficha maradhi kilio humfichua. Nimewafundisha watoto methali hiyo mara ngapi, leo ndiyo nimeielewa.

Ijumaa, 17 Juni

Nimekwenda kwa Mchungaji Elija na karatasi za Nairobi. Alisoma. Kasema tungoje mazishi yapite, si vizuri.

Nikamwambia ndiyo, Mchungaji.

Sitangoja.

Jumatano, 22 Juni

Kibuye. Nimenunua gauni jeusi la mtumba, kola nyeupe, limekaa vizuri. Yule mama muuzaji akaniuliza nimefiwa na nani. Nikasema, na adui. Akacheka, akanipunguzia bei.

Jumamosi, 25 Juni

Nimefanya.

Watu walikuwa wengi mno. Hema nyeupe, viti vya kukodi, bendi ya kanisa. Mbele alikaa Zakaria, kando yake Mchungaji Elija, kando yake mwanamke wa wafadhili wa Shirika kutoka Nairobi. Watu wa Alego walikaa upande wao, wazee watupu, pamoja na ndugu mdogo wa marehemu, ambaye hana jino hata moja. Jeneza zuri, limeletwa toka Kisumu.

Kila msemaji alitaja vyeo vya Zakaria. Hata mwimbaji.

Sikuomba kusema. Hiyo ndiyo tamu yake. Waliniita wenyewe. Marehemu alikuwa amewaambia watu wote wa boma kwamba ana mwenzake wa jina kwangu, na mtu wa jina lako hakosi kutajwa siku ya kukuzika. Mshereheshaji akasema, Mwalimu amlete Awuor mdogo, wamwone. Zakaria akageuka. Nilimwona akifikiri, kisha nikamwona akiamua kwamba mwanamke mwenye mtoto mgongoni hawezi kufanya kitu.

Nilisema Kiswahili, ili mgeni wa Nairobi asikie. Nilisema hivi, naandika kama nilivyosema:

"Mimi ni mwalimu wa hapa. Huyu ni Awuor. Mama huyu alimletea maziwa kwa miguu yake, na nitamshukuru mpaka nife. Mmemsifu sana leo. Lakini kuna sifa moja mmeisahau. Mama Salome Awuor Rading' alikuwa mkurugenzi wa Kampuni ya Minofu Jabali. Ndiye aliyenunua uwanja wa kliniki yetu kwa Shirika. Serikali inajua, imeandika, mtu yeyote anaweza kwenda kusoma. Ni sisi majirani tu hatukujua. Bwana Mwenyekiti, mama yako alikuwa mkubwa. Tunaomba cheo chake kiandikwe msalabani."

Nikaketi.

Nani atamnyamazisha anayemsifu mama yako? Hakuna. Bendi ilitaka kupiga, ikaacha. Yule mwanamke wa wafadhili aliinama akamuuliza Mchungaji Elija kitu, na Mchungaji, yule mwoga, akaitikia kwa kichwa. Zakaria alitazama viatu vyake.

Kisha yule mzee wa Alego akasimama na fimbo, akauliza, "Dada yangu hakuwa na blanketi. Nilimletea mimi mwaka jana. Kampuni gani?"

Akauliza tena. Na Zakaria akalia. Kwa sauti, mdomo wazi, mbele ya watu wote. Wengine walidhani analilia mama. Labda alimlilia. Mimi nilihesabu kilio kile ni changu.

Jumapili, 26 Juni

Sikwenda kanisani. Nimelala mpaka jua kali. Nimekula samaki wawili wazima na ugali. Ladha imerudi.

Jumanne, 19 Julai

Mchungaji Elija aliita mkutano kama alivyoahidi. Zakaria amejiuzulu kwa sababu za kiafya. Afya! Wakili amekubali mauzo yafutwe kimyakimya kuliko kwenda mahakamani. Uwanja umerudi. Ukuta wa magotini utakuwa ukuta wa wodi, kasema Mchungaji, matofali ni matofali.

Jioni mke wa Zakaria alikuja kwangu. Nilimwacha asimame. Hakuja kugombana. Alisema mama mkwe alibandika kidole gumba kwenye karatasi nyumbani kwao Kisumu, akaambiwa ni za ng'ombe wa ushirika. Alifurahi, akauliza watamletea ndama lini. Aliuliza mpaka alipokufa. "Nilitaka ujue tu, Mwalimu," kasema, akaondoka.

Sasa wote wa ufuoni wanamwita yule bibi Mkurugenzi. Watoto wanaimba. Ni mimi niliyewapa jina hilo. Nilimlenga mwana, na jiwe limempiga na mama. Sijutii la mwana. La mama linaniuma, na sijui niliweke wapi.

Jumamosi, 3 Septemba

Kliniki imefunguliwa. Muuguzi ni mpya, ametoka Siaya. Awuor amechomwa sindano, amelia kidogo. Nilikaa kwenye benchi, pale tulipokuta kufuli. Nikamwambia Achieng' mambo machache kimoyomoyo.

Niliporudi nyumbani nikakiona kibuyu. Kimekaa kwangu tangu Mei, juu ya kabati. Chombo cha mtu hakirudi kitupu, hata mtoto anajua. Nikakiosha, nikakifukiza moshi, nikanunua maziwa kwa jirani, nikakijaza. Nikamfunga Awuor mgongoni.

Zakaria anakaa bomani siku hizi, Kisumu hapakaliki. Nilimkuta kwenye kigoda nje ya nyumba ya mama yake. Paa limeinama. Ndevu zimemtoka nyeupe. Aliponiona hakusimama, akangoja kama mtu anayengoja kupigwa.

Msalaba uko kando ya nyumba. Umeandikwa Salome Awuor, binti Rading'. Hakuna cheo.

Nikampa kibuyu. Alikipokea kwa mikono miwili. Akamtazama mtoto mgongoni kwangu, akauliza polepole, "Ndiye Awuor?"

Nikasema ndiye.

Sijamsamehe. Maziwa yale si yake, ni ya mama yake, na mama hayupo, basi amepokea yeye. Nimerudi kwa njia ileile mbaya aliyokuwa akiipita yule bibi na fimbo. Ni mbali kuliko nilivyodhani. Awuor alilala kabla hatujafika.

Kesho kuna madaftari.